Daftari la Mbashiri: Namna ya Kuingoja GTA VI na Zitakazofuata

Mdogo wangu, jana pale banda la gemu uliniuliza maswali matatu kwa pumzi moja: GTA VI itatoka lini hasa, ikishatoka itakuwa na nyongeza, na kama ni kweli GTA VII itawekwa Dar es Salaam kama alivyokuapia jamaa yako wa Magomeni. Nilikuwa nimeshika pedi, mechi iko dakika ya themanini na kitu, sikukujibu. Sasa nakujibu kwa maandishi, maana maswali haya hayajibiwi mtu akiwa anapiga kona. Kubashiri gemu ni kazi yenye adabu zake na vifaa vyake, na nitakufundisha nilivyojifunza mwenyewe kwa miaka mingi ya kungoja.

Tuanze na vifaa. Nenda dukani ukanunue kauntabuku la kwaya mbili, lile la jalada gumu. Usitumie simu. Simu inaibiwa, inaishiwa chaji, na baya zaidi, inakuruhusu kubadilisha utabiri wako baada ya jambo kutokea. Mbashiri anayefuta alichoandika hana tofauti na mtu anayejaza mkeka mechi zikiwa zimekwisha. Andika kwa wino, weka tarehe pembeni, na ukikosea uache kosa lako hapohapo lilipo. Miaka mitano baadaye utalisoma na kujua ulikuwa unafikiri nini.

Ukurasa wa kwanza uupe kichwa "Ahadi". Hapo utaandika kila tarehe ambayo Rockstar, watengenezaji wa GTA, walisema na kila tarehe ambayo gemu lilifika kweli. Nitakuanzishia. GTA IV iliahidiwa Oktoba 2007, ikafika 29 Aprili 2008. GTA V iliahidiwa nusu ya kwanza ya 2013, ikafika 17 Septemba mwaka huohuo. Red Dead Redemption 2, gemu la kampuni hiyohiyo, iliahidiwa miezi ya mwisho ya 2017, ikasogezwa hadi nusu ya kwanza ya 2018, ikasogezwa tena, ikafika 26 Oktoba 2018. Sasa njoo kwenye hii yetu. Trela ya kwanza ya Desemba 2023 ilisema 2025. Tarehe 2 Mei 2025 wakasema hapana, ni 26 Mei 2026. Tarehe 6 Novemba 2025 wakasema hapana tena, ni 19 Novemba 2026.

Ukiitazama safu hiyo kwa utulivu, jibu la swali lako la kwanza linaanza kuonekana lenyewe. Hakuna gemu kubwa la Rockstar katika orodha hiyo lililofika siku lilipoahidiwa mara ya kwanza. Lakini pia hakuna lililopotea. Red Dead 2 ilisogezwa mara mbili, tarehe ya tatu ikashika. GTA VI nayo imesogezwa mara mbili. Kwa hiyo mimi nimeandika kwenye daftari langu, kwa wino: tarehe 19 Novemba 2026 itashika. Sikuitoa kwenye ndoto. Nimeitoa kwenye mwenendo wa watu hawa kwa takriban miaka ishirini.

Na usikasirike tarehe ikisogezwa. Nakuomba hili kwa moyo wote, kwa sababu niliwaona mwaka jana mnavyogonga meza. Mwaka 2018, kabla Red Dead 2 haijatoka, kulizuka mjadala mkubwa kuhusu saa ambazo watengenezaji wake walikuwa wakifanya kazi kila wiki. Watu wazima wenye watoto walikuwa wakichelewa kutoka ofisini ili wewe na mimi tuone farasi anayeteleza kwenye tope kama farasi wa kweli. Miezi sita ya ziada ikimrudisha mtu nyumbani kwa chakula cha jioni, mimi nitaingoja bila kinyongo. GTA V ilipotoka Septemba 2013 kuna watoto walizaliwa wiki ileile. Mtoto huyo, kama alianza darasa la kwanza Januari 2020, anamaliza darasa la saba Septemba 2026. Ataweka kalamu chini, atapumzika miezi miwili, ndipo GTA VI ije. Sisi tuliongoja tangu hajajua kutembea hatutashindwa na miezi hiyo ya mwisho.

Sasa somo la dalili. Hapa ndipo wengi wanapopotea.

Baada ya trela ya kwanza, watu duniani kote walianza kutafuta tarehe ya trela ya pili kila mahali. Wakahesabu namba za magari. Wakahesabu madirisha. Wakachukua picha ambazo Rockstar walikuwa wakizitumia kutangaza mambo ya GTA Online, upande wa mtandaoni wa GTA V, wakautazama mwezi uliochorwa angani, wakaulinganisha na kalenda ya mwezi halisi, wakatoka na tarehe. Tarehe ikafika, ikapita, kimya. Wakarudi kwenye mwezi uleule, wakapata tarehe nyingine.

Mimi siwacheki. Anayeutazama mwezi kwa makini kiasi hicho ana mapenzi ya kweli na kitu anachokingoja. Ila sisi watu wa pwani tuna ujuzi wa mambo haya na tuutumie. Mwezi wa Shawwal ukikaribia kuandama, mtu mmoja akija mbio akisema ameuona, haachiwi tu akatangaza Idi. Anaulizwa: uliuona upande gani, saa ngapi, ulikuwa na nani? Dalili ya gemu nayo iulizwe hivyo. Nimejiwekea sheria kwamba dalili moja siiandiki kwenye kurasa za utabiri. Inakaa kwenye ukurasa wa nyuma hadi ipate mwenzake aliyetoka mahali tofauti. Namba ya gari na dirisha vilivyo kwenye trela moja hivyo ni shahidi mmoja, hata kama vinasema kitu kimoja.

Kuna mwezi mwingine ambao huandama kwa uhakika zaidi, nao watu wengi hawautazami kwa sababu hauna picha nzuri. Rockstar inamilikiwa na Take-Two Interactive, kampuni ya Marekani ambayo hisa zake zinauzwa sokoni. Kampuni ya namna hiyo lazima itoe taarifa zake za fedha kila robo mwaka, na mwaka wake wa fedha unaanza Aprili na kuishia Machi. Kwa hiyo kila Februari, Mei, Agosti na Novemba, mkurugenzi wake mkuu, Strauss Zelnick, anakaa mbele ya wawekezaji na kuulizwa kuhusu gemu lako. Hawezi kuwadanganya hadharani wenye hisa bila kujitafutia kesi. Linganisha na daftari: tangazo kwamba trela ya kwanza inakuja lilitolewa 8 Novemba 2023, siku ya taarifa ya fedha. Tarehe iliposogezwa kwenda 19 Novemba 2026, ilikuwa 6 Novemba 2025, siku ya taarifa ya fedha. Ile ya Mei 2025 ilitangulia taarifa kwa chini ya wiki mbili. Weka alama kwenye kalenda miezi hiyo minne, na miezi mingine yote uishi maisha yako. Soma vitabu, msaidie mama dukani, cheza mpira.

Trela nazo zina mwendo wake. GTA V ilitoa trela ya kwanza 2 Novemba 2011, ya pili ikaja 14 Novemba 2012. Red Dead 2 ilitoa ya kwanza Oktoba 2016, ya pili Septemba 2017. GTA VI ilitoa ya kwanza Desemba 2023, ya pili 6 Mei 2025, miezi kumi na saba baadaye. Aliyekuwa na safu hizo mbili za mwanzo daftarini asingekaa macho usiku wa wiki ya tatu akingoja trela ya pili. Angejua hawa watu hawatoi ya pili kabla ya mwaka kukaribia kuisha.

Na ukingoja trela, ujue saa. Ile ya kwanza ilipangwa saa tatu asubuhi ya New York, tarehe 5 Desemba, maana yake saa kumi na moja jioni ya kwetu. Tulishapanga. Mwenye banda alikubali kuzima mashine zote kwa dakika mbili ili tuitazame kwenye runinga kubwa. Kisha mtu akaivujisha mtandaoni mapema, Rockstar nao wakaamua kuitoa wenyewe papo hapo, kwetu ikiwa usiku wa manane. Niliiona saa kumi na mbili asubuhi kwenye simu, nikiwa kwenye daladala, nimebanwa dirishani, na fukwe za Vice City, mji wa gemu hili, zinang'aa kwenye kioo chenye ufa. Zaidi ya watu milioni 90 waliitazama YouTube ndani ya siku moja. Jioni ile tulikutana bandani vilevile tukaiangalia tena kwenye runinga kubwa, mara sita, kwa sababu tulikuwa tumeahidiana.

Hilo linanileta kwenye kuvuja, na hapa nakuwa mkali kidogo. Septemba 2022, video karibu 90 za GTA VI ambayo haijakamilika ziliibwa kutoka ndani ya kampuni na kumwagwa mtandaoni. Kijana wa Uingereza, aliyekuwa bado hajafikisha miaka ishirini, alipatikana kuwa ndiye aliyefanya, na mahakama ya huko ikaamuru akae hospitalini bila kikomo cha muda. Watu waliozitazama zile video wakaanza kucheka: kuta hazina rangi, watu wanatembea kama sanamu, maandishi ya ajabu yanapita kichwani kwa wahusika. Ndipo watengenezaji wa kampuni nyingine wakafanya jambo lililonigusa sana. Wakatoa hadharani picha za magemu yao mashuhuri yalivyokuwa kabla ya kukamilika, mabaya kama yale au zaidi, ili watu waone chakula kinavyokuwa kabla hakijaiva. Huwezi kufunua sufuria la jirani ukionja wali ukiwa bado na kiini kisha ukatangaza mtaani kwamba hajui kupika. Mbashiri mwenye adabu hatumii kilichoibwa. Trela mbili, picha za tovuti rasmi na taarifa za fedha zinatosha kujaza kwaya mbili.

Nikwambie pia kuhusu uvumi ambao haufi, maana huo ndio uliotulea sisi.

San Andreas ilitoka Oktoba 2004 kwenye PS2. Kwetu ilifika ikiwa kwenye CD zisizo na kava, na chiti zake tuliandika nyuma ya madaftari ya hisabati, pembetatu, duara, L1, R2, kwa mwandiko mzuri kuliko wa maswali yenyewe. Basi ukazuka uvumi kwamba kule msituni, sehemu inayoitwa Back o' Beyond, kuna jitu la manyoya linaitwa Bigfoot. Tulichanga hela za nusu saa nusu saa, tukampeleka CJ, mhusika mkuu wa gemu, msituni usiku, mvua inanyesha kwenye gemu na nje ya bati vilevile. Mmoja alishika pedi, wanne walitazama kona nne za runinga. Tuliona vivuli. Tuliona gari bovu likiteremka mlimani bila dereva. Rockstar wenyewe walisema hakuna jitu. Tena juu kabisa ya nguzo ya daraja la Gant walikuwa wameweka kibao kinachowaambia watafutaji kwamba hapo juu hakuna siri yoyote, waondoke.

Lakini fuata daftari. Oktoba 2010, kwenye Undead Nightmare, nyongeza ya Red Dead Redemption ya kwanza, jitu la msituni likatokea. Mwaka 2013, kwenye GTA V, kukawa na misheni ya kumwinda Bigfoot, akagundulika ni mtu aliyevaa manyoya. Kwa hiyo wale watoto wa bandani hawakukosea kabisa. Walikosea gemu na mwaka. Kampuni ilikuwa inasikia.

Mlima Chiliad wa GTA V ni somo hilohilo kwa ukubwa zaidi. Kwenye kituo cha juu cha gari la kamba kuna mchoro ukutani, na chini yake alama tatu: chombo cha angani, yai lililopasuka, na mtu aliyevaa mashine ya kurukia mgongoni. Ukikamilisha gemu kwa asilimia mia, ukapanda mlimani saa tisa usiku kukiwa na mvua, chombo kinatokea kweli. Watu walitumia miaka wakitafuta ile mashine ya kurukia. Walipima vivuli, walifuata mistari ya mchoro kama ramani. Hawakuipata. Desemba 2017 Rockstar wakaitoa, ikiitwa Thruster, lakini wakaiweka kwenye GTA Online, ndani ya The Doomsday Heist, na ukiitaka unalipa pesa za gemu, nyingi. Kuhusu yai watu wanabishana mpaka leo.

Shika mfano huo wa Thruster, maana ndani yake kuna jibu la swali lako la pili, la nyongeza.

Nyongeza za hadithi zina historia ndefu kwenye GTA. Mwaka 1999, GTA ya kwanza, ile ya kutazama kutoka juu iliyotengenezwa Dundee, Scotland, iliongezewa mji wa London wa mwaka 1969. GTA IV ikapata mbili, zote mwaka 2009: The Lost and Damned ya Februari na The Ballad of Gay Tony ya Oktoba. Zilikuwa nzuri mno. Ukizicheza pamoja na IV yenyewe unagundua kuwa watu watatu tofauti walikuwa kwenye tukio lilelile la almasi, kila mmoja kwa njia yake, na mji mzima unakaa sawa kichwani mwako kama kitendawili kilichoteguliwa. Mimi ningependa VI ifanye hivyo kuliko kitu kingine chochote. Ningependa kumwona Cal Hampton, yule rafiki wa Jason, mmoja wa wahusika wakuu wa VI, anayeona njama kila mahali, akipewa hadithi yake mwenyewe kule visiwani Leonida Keys.

Ila kupenda siyo kubashiri. Uliza: zile mbili za IV zililipiwa na nani? Microsoft walitoa dola milioni 50 ili zije kwanza kwenye Xbox 360 peke yake. Nyongeza ilikuwa na mfadhili kabla haijauzwa hata moja. Kisha angalia V. Mwishoni mwa 2013 Rockstar waliahidi kwamba mwaka 2014 hadithi za wahusika wake wakuu, Michael, Franklin na Trevor, zitaendelea. Steven Ogg, mwigizaji wa Trevor, amewahi kusimulia kwamba walianza hata kurekodi sehemu ambayo Trevor anafanya kazi kwa siri na serikali. Haikuja. Kilichotokea katikati ni GTA Online, iliyofunguliwa 1 Oktoba 2013. Watu wakanunua pesa za gemu kwa pesa za kweli, mwaka baada ya mwaka, na mafundi wengi wakahamia kule kwenye mauzo. GTA V yenyewe imeuza nakala zaidi ya milioni 200. Red Dead 2 nayo, pamoja na sifa zote, haikupata nyongeza hata moja ya hadithi.

Kwa hiyo kwenye ukurasa wa nyongeza nimeandika hivi, na mkono haukutetemeka ingawa moyo ulikataa: hadithi ya Jason na mwenzake Lucia itaisha ilipoishia, na kila kipya kitakachokuja baadaye kitakuja mtandaoni. Magari, majumba, wizi wa kupanga watu wanne, pengine hata sehemu mpya za ramani. Tayari tovuti yao imetaja maeneo sita, kuanzia Vice City hadi Port Gellhorn na hifadhi ya Mlima Kalaga, na jimbo lenye nafasi hivyo linaweza kulishwa kwa miaka kumi bila kuhama. Nikikosea hapa nitafurahi kuliko nikipatia. Huo ni ukurasa pekee wa daftari langu ninaouombea uwe na kosa.

La kompyuta nalipita haraka: GTA VI imetangazwa kwa PS5 na Xbox Series X na S tu. GTA IV ilichelewa kufika kwenye kompyuta miezi saba, V miezi kumi na tisa, Red Dead 2 mwaka mmoja na siku chache. Mwenye kompyuta aongeze mwaka. Mwenye PS4, kama wewe, atafute njia nyingine, na njia ninayoijua ni upatu. Tuko saba, ukiingia tunakuwa wanane. Kila mwezi mmoja anapokea, na tumekubaliana wa kwanza kununua PS5 anaiweka bandani wiki ya kwanza ili kila mtu aguse. Kudunduliza peke yako kwenye kopo utafika Novemba na kopo limefunguliwa mara tatu.

Sasa GTA ya Dar es Salaam.

Jamaa yako wa Magomeni ana ndoto nzuri, na nimewahi kuiota mimi pia: misheni inaanza Kariakoo saa sita mchana, unakimbia na boda kati ya mikokoteni, unatokea Jangwani, kivuko cha Kigamboni kinaondoka ukiwa umebakiza mita kumi. Najua mpaka redio zingepiga nini. Lakini tangu ile nyongeza ya London ya 1999, gemu hili halijawahi kuuacha mji wa Marekani katika matoleo yake makubwa. Dan Houser, mmoja wa walioanzisha Rockstar na aliyeandika hadithi hizi mpaka alipoondoka 2020, ameeleza kwamba walilifikiria jambo hilo na kila mara wakaona GTA imejengwa juu ya Marekani yenyewe, bunduki zake na watu wake wa kupita kiasi, na kwamba kuihamishia kwingine kungekuwa vigumu sana. Ukitazama trela za VI utaelewa. Mamba kwenye bwawa la kuogelea, watu wanajirekodi wakifanya vituko. Hiyo Leonida, jimbo la kutunga la VI, ni Florida inayojitazama kwenye kioo. Mtu wa nje akija kuitengeneza Dar kwa kioo hicho, angetoa Dar ya kutunga ambayo wewe na mimi tusingeitambua, na tungekasirika kwa haki.

Lakini usimrudie jamaa yako mikono mitupu. Mpe dalili hii, na hii ina mashahidi wawili. Kuna watu walitengeneza FiveM, programu inayowezesha wachezaji kuanzisha seva zao wenyewe za GTA V, ambako mmoja anakuwa polisi, mwingine fundi magari, mwingine dereva wa teksi, na kila mmoja anaishi maisha ya mhusika wake kwa maneno yake. Mwaka 2015 Rockstar waliwafungia akaunti waliokuwa nyuma ya kazi hiyo. Agosti 2023 Rockstar haohao wakawachukua rasmi, wakawafanya sehemu ya kampuni. Kutoka kumfukuza mtu mlangoni hadi kumpa chumba ndani ya nyumba, hapo kuna mpango. Nimeandika kwamba GTA VI, mapema au baadaye, itawapa wachezaji vifaa vya kujijengea dunia zao. Na siku hiyo ikifika, Kariakoo haitasubiri ruhusa ya ofisi za Rockstar za Edinburgh wala za New York. Itajengwa na mtoto anayejua konda anapiga bodi mara ngapi dereva asimame na mara ngapi aondoke. Yule wa darasa la saba atakuwa na umri wa kutosha. Anza kumfundisha kuchora kwa kompyuta sasa hivi.

Nunua kauntabuku kabla ya Jumamosi. Uandike tabiri zako tano za Alhamisi ya 19 Novemba 2026, uweke tarehe, usinionyeshe. Zangu zimeshaandikwa: tarehe itashika, nyongeza ya hadithi haitakuja, kompyuta itangoja zaidi ya mwaka, kutakuwa na jitu la manyoya mahali fulani kwenye mabwawa ya Grassrivers, na safari hii halitakuwa mtu aliyevaa ngozi. Wa tano nimeukunja ukurasa na kuubana kwa pini, tutaufungua bandani wote wakiwepo.

Na hela ya upatu ya mwezi huu ilete Ijumaa, usimpe yule mdogo wako aniletee.